Boksi Lililobwabwaja

Sura ya Sita

"Mdagaare kaingia. Ficheni mbwa," Lamisi Ayinbire alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Mbwa wa Mfrafra hafichwi," Inspekta Eulalia Bayor alimjibu. "Ukimtafuta, funua chungu."

Makabila yao, Wadagaare na Wafrafra, yalikuwa watani, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa salamu yao kwa miaka tisa, tangu Lamisi afungue kibanda chake cha ufundi nyuma ya soko la Wa, mji wa kaskazini mwa Ghana. Lakini asubuhi hiyo ya Alhamisi Bayor hakukaa kucheka. Aliusukuma pembeni uji wa mawele na koose, bajia za kunde, zilizobaki, akafuta vumbi la harmatani, upepo wa jangwani, mezani kwa kiganja, akaweka boksi jeupe la plastiki lenye ukubwa wa tofali. Lilikuwa limefungwa jana kwa utepe wa polisi na kusainiwa juu yake.

Lamisi alilitazama. "Hilo ndilo lililomfunga Gervase?"

"Ndilo. Na kesho saa tatu hakimu anamsubiri."

Habari yenyewe Lamisi alikuwa ameisikia sokoni, kama kila mtu. Jumapili, friji la damu la hospitali ya misheni ya Bakpuori lilizimika mchana. Usiku wake mama mmoja aliyeitwa Domitila alijifungua, akavuja damu, na mifuko yote sita iliyokuwa kwenye friji ikakutwa imepata joto, haifai kumwekea mtu. Alifariki kabla gari halijarudi na damu kutoka Wa. Mtoto alipona. Mtu wa maabara aliyekuwa zamu, Gervase Naabil, alikuwa amekwenda kwenye msiba wa mjomba wake kijiji cha Gbelinkaa, kwa ruhusa, na simu yake mfukoni. Boksi hili jeupe, lililofungwa juu ya friji mwezi Novemba, ndilo lililopaswa kumwita kwa meseji joto likipanda.

Injinia aliyelitengeneza, Valerian Sanziri, alipeleka ripoti hospitalini Jumatatu asubuhi. Ilionyesha joto la friji kwa kila dakika tano za Jumapili, na katikati ya orodha meseji tatu zilizotumwa kwa Gervase kuanzia saa saba na dakika arobaini mchana. Gervase aliapa kuwa hakupata hata moja. Simu yake haikuwa nazo, na polisi wa Bakpuori walisema amezifuta. Kampuni ya simu iliahidi kumbukumbu zake baada ya wiki tatu. Jumatatu jioni alitiwa mahabusu mjini Wa.

"Watu wote wananiambia mashine haisemi uongo," Bayor alisema. "Mimi nimesoma karatasi ya mashine. Mashine yenyewe sijaisikia. Nataka iseme mbele yangu."

Alitoa karatasi nyingine mfukoni. Ilikuwa maelekezo ambayo Sanziri aliyaandika kwa mkono wake jana, alipoombwa aeleze jinsi ya kulisoma boksi: pini zipi ziunganishwe, na kasi ya mazungumzo kati ya boksi na kompyuta iwe elfu tisa na mia sita. Chini yake alikuwa ameongeza kwamba hawatapata kitu, kwa sababu wafanyakazi wa hospitali waliliangusha boksi Jumatatu na bodi ya ndani imeharibika.

Lamisi alipiga picha utepe, akaukata, akafungua skrubu nne. Ndani mlikuwa na bodi ya kijani ya aina ile ambayo wanafunzi wa ufundi hujifunzia, zile bodi ambazo mtu huzipa programu yake mwenyewe na kuzituma kazi yoyote. Kando yake palikuwa na kipande kingine kidogo chenye laini ya simu. Hakuwasha kitu. Alichukua testa kwanza, akapima pini moja baada ya nyingine.

Bayor alimuuliza anatafuta nini.

"Volti. Hii ni ya volti tatu pointi tatu. Adapta yangu moja ni ya volti tano. Ningeichomeka hiyo, tungemaliza kesi kwa moshi."

Alibadilisha adapta, kipande chenye ukubwa wa kidole cha gumba ambacho upande mmoja huingia kwenye kompyuta na upande wa pili hutoa waya. Alichagua waya tatu. Mweusi ulikwenda kwenye ethi, pini ya ardhi. Wa njano ulitoka kwenye pini ya kusema ya bodi, ukaenda kwenye pini ya kusikia ya adapta. Wa kijani ulifanya kinyume chake.

"Kwa nini usiunganishe kusema kwa kusema?" Bayor aliuliza. Alikuwa akiandika kila kitu, maana wakili wa upande wa pili angeuliza hivyohivyo.

"Mdomo kwa mdomo ni kubusiana. Wakibusiana hawasikilizani."

Lamisi aliweka kasi iliyoandikwa na Sanziri, akawasha bodi. Kwenye skrini zikamwagika alama ambazo hakuna mtu angeweza kuzisoma: maswali, miraba mitupu, herufi zilizopinda, nukta. Zikajaza mstari mmoja na nusu, kisha zikasimama.

Bayor alitazama karatasi ya Sanziri, akatazama skrini. Injinia aliandika hawatapata kitu, na takataka ndizo hizo. Alimuuliza Lamisi kama ni kweli bodi imekufa.

Lamisi alisema waipime kebo kwanza. Alizima, akazitoa waya zote kwenye bodi, akauchukua wa njano na wa kijani akaviunganisha vichwa vyake, ili adapta isikie inachosema yenyewe. Akaandika kwenye kompyuta: *Mdagaare hana haya.* Maneno yaleyale yakarudi kwenye skrini, herufi kwa herufi.

"Kebo yangu ni nzima," alisema. "Kompyuta nayo ni nzima. Hilo tumelimaliza."

Akaunganisha tena kama mwanzo, akawasha. Takataka. Akazima, akawasha. Takataka. Mara ya nne aliweka kidole kwenye skrini, akahesabu. Kila mara alama zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, zikiishia pale pale.

"Inspekta, aliyekufa hasemi. Na mwendawazimu hasemi neno lilelile mara nne. Huyu ana akili zake. Anaongea haraka, sisi tunamsikiliza polepole."

Alianza kupandisha kasi. Kwenye elfu kumi na tisa na mia mbili zilikuja takataka za namna nyingine. Thelathini na nane elfu na mia nne, vilevile. Hamsini na saba elfu na mia sita, vilevile. Alipofika laki moja, elfu kumi na tano na mia mbili, akabonyeza kitufe cha kuwasha upya, na skrini ikaandika kwa herufi safi:

*MLINZI WA DAMU. Toleo la 2.4*
*Programu imeandaliwa: 14 Januari, 16:05*
*Kipima joto: kipo. Laini ya simu: ipo. King'ora: kimewashwa.*

Baada ya hapo mstari mmoja ulikuwa unaongezeka kila sekunde tano, ukitaja joto la kibanda cha Lamisi: nyuzi thelathini na moja.

Lamisi alijifuta mikono kwa kuridhika, akavuta bakuli la uji. Bayor hakusogea. Alisoma mstari wa pili, akausoma tena.

"Tarehe kumi na nne ilikuwa juzi. Jumanne."

"Eeh."

"Na boksi lilifungwa Novemba. Friji limezimika tarehe kumi na mbili." Alifikiri kidogo. "Saa ya boksi haiwezi kupotea? Umeme ulikatika."

Lilikuwa swali zuri, na Lamisi aliliweka bakuli chini ili alijibu sawasawa. Saa ya boksi ingeweza kupotea, alieleza, lakini tarehe hii haitoki kwenye saa ya boksi. Programu huandaliwa kwenye kompyuta ya fundi, na kompyuta hiyo ndiyo hupiga muhuri wa tarehe ndani yake kabla haijapelekwa kwenye bodi. Bodi inasoma tu kilichoandikwa. Ni kama tarehe iliyofumwa kwenye pindo la kanga. Huwezi kuibadilisha kwa kurudisha saa ya ukutani nyuma.

Bayor akafungua ile ripoti ya Jumatatu. Aliipitisha kidole mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu hospitalini aliyejali kuyasoma. *Imetolewa na Mlinzi wa Damu, toleo la 2.3.*

Alimwomba Lamisi arudie kila kitu. Lamisi alilalamika, akarudia. Alitumia adapta nyingine, waya nyingine, na kompyuta kuukuu ya rafu ya juu. Mara tatu alizima na kuwasha, na mara tatu boksi likasema maneno yaleyale. Bayor alipiga picha kila skrini, zikiwemo zile takataka za kasi ndogo, akaandika saa pembeni. Wote wawili wakasaini. Boksi likafungwa kwa utepe mpya.

"Ungeamini mara ya kwanza ingekuwaje?" Lamisi aliuliza.

"Ningekuwa Mfrafra."

*

Kutoka Wa hadi Bakpuori ni mwendo wa saa moja na robo kwa gari la polisi, na Bayor aliutumia kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Gervase hakuweza kuligusa boksi Jumanne. Alikuwa mahabusu tangu siku iliyotangulia. Kwa muda alimfikiria msimamizi wa hospitali. Yeye ndiye aliyeamuru mwezi Desemba kwamba daftari la joto liachwe, lile ambalo watu wa maabara walilijaza kila baada ya saa nne kwa kusoma kipimajoto, kwa kuwa sasa kuna boksi. Mtu aliyetoa amri kama hiyo ana jambo la kuficha. Lakini msimamizi huyo alikuwa amempigia Bayor mara mbili kuuliza namna ya kufungua faili la barua pepe. Mtu huyo asingeweza kuandaa programu.

Mlinzi wa getini, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alimpa daftari la wageni. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa na majina kumi na moja. Jina la saba lilikuwa V. Sanziri. Aliingia saa kumi kasoro dakika ishirini, akatoka saa kumi na dakika ishirini na tano. Sababu: kutoa pole.

Bayor aliuliza kama alikuja na kitu.

"Begi la kompyuta," mlinzi alisema. "Nilimwambia aliache hapa. Akasema pole anayo humohumo."

Sista wa duka la dawa alithibitisha kwamba injinia aliomba kuachwa peke yake maabara kidogo, aombe. Alimwachia funguo.

*

Sanziri alifika kituo cha polisi cha Wa saa tisa alasiri kwa hiari yake, amevaa smoki safi ya mistari, vazi pana la kaskazini, akiwa na mkono mwepesi wa kusalimia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mtoto wa eneo hilohilo, na mji mzima ulijivunia jina lake. Mwezi uliofuata wakubwa kutoka Accra walitarajiwa kuamua kama boksi lake lifungwe kwenye hospitali arobaini za kaskazini. Alikaa, akauliza kama waliweza kulisoma.

Bayor alimwambia walipata takataka. Sanziri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Bayor hakuwa amemdanganya; takataka walizipata kweli, na picha zake zilikuwa kwenye faili.

Kisha alimuuliza maswali ya kawaida, polepole, huku konstebo akiandika. Je, ripoti ya Jumatatu ilitoka kwenye boksi hilo? Ndiyo. Iliongezwa au kupunguzwa kitu? Hapana. Mara ya mwisho kulifungua boksi au kubadilisha programu yake ilikuwa lini?

"Novemba, nilipolifunga."

"Hata kulichomeka kwenye kompyuta?"

"Sijaligusa, Madam. Ripoti huja kwangu kwa simu."

Konstebo alimsomea maelezo yake. Alisaini kila ukurasa. Bayor aliyachukua, akayaweka upande wa kushoto wa meza. Upande wa kulia akaweka picha ya skrini, ile yenye herufi safi.

"Niambie, Injinia. Toleo la 2.4 lina nini ambacho 2.3 haina?"

Sanziri aliivuta picha karibu. Alianza kusema kuhusu saa ya boksi, kwamba saa hizi za bei rahisi hupotea.

"Najua hupotea. Ndiyo maana nilimuuliza fundi. Muhuri huu ni wa kompyuta."

Akasema kompyuta yake hutumiwa na watu wengi pale ofisini. Bayor akaweka daftari la getini juu ya picha, limefunguliwa Jumanne, jina la saba limepigiwa mstari kwa penseli.

Sanziri aliomba maji, akanywa nusu ya glasi. Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, kama mtu anayefundisha darasa. Tarehe tatu Januari aliwaleta wageni kutoka Accra waone boksi likifanya kazi. Kila mara mlango wa friji ulipofunguliwa ili watazame ndani, joto lilipanda kidogo na simu za watu zikaita. Ilikuwa aibu. Alichomeka kompyuta, akakinyamazisha king'ora na meseji zake kwa amri moja, akakusudia kukirudisha wageni wakiondoka. Wageni waliondoka wamefurahi. Walikwenda kula pamoja. Hakukirudisha.

Jumapili stabilaiza ya friji, kifaa cha kusawazisha umeme, ilijizima umeme ulipoyumba, na boksi likakaa pale juu likiandika joto kila dakika tano, kimya. Jumatatu msimamizi alipompigia, alifungua kumbukumbu na kuona mwenyewe kwamba hakuna meseji iliyokwenda. Jumanne alikwenda kufuta ule ukimya kwa programu mpya kabla mtu hajauona. Na ile kasi ya kusomea aliiandika makusudi, akijua polisi wakiona herufi mbovu wataacha.

"Na zile meseji tatu?" Bayor aliuliza.

"Niliziandika mimi."

Konstebo aliliandika.

"Lakini joto ni la kweli," Sanziri aliongeza haraka. "Kila nyuzi iliyo kwenye ripoti ile ni ya kweli, Madam. Boksi lilipima vizuri."

Bayor alimwambia hilo nalo litaandikwa.

*

Ilikuwa saa kumi na moja jioni alipokwenda mwenyewe kumfungulia Gervase Naabil. Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu peku, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu ambaye siku tatu zilikuwa zimemtoa mashavu. Ndugu zake walikuwa wamemletea tuo zaafi, ugali wa kwao na mchuzi, mchana na hakuigusa. Mafuta ya mchuzi yalikuwa yameganda.

Alimweleza kwa maneno machache. Meseji hazikutumwa. Injinia amekiri na amesaini. Asubuhi atapelekwa kwa hakimu mtu mwingine. Alitarajia kilio au shukrani, na alikuwa ameshajiandaa kwa vyote viwili. Gervase alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale maandishi ya joto, ni ya kweli?"

"Anasema ni ya kweli. Fundi wangu atayahakiki. Naamini ni ya kweli."

"Lilianza kupanda saa ngapi?"

"Lilivuka nyuzi sita, saa saba na dakika arobaini."

"Na kumi?" Kumi ndiyo nyuzi ambayo damu ikiivuka haiwekwi tena kwa mtu.

Bayor alifungua daftari lake. "Saa kumi na robo."

Gervase alihesabu kwa midomo. Kutoka Gbelinkaa mpaka hospitali ni dakika arobaini kwa pikipiki, alisema, akiwa kama anazungumza na sakafu. Stabilaiza ina kitufe chekundu mbele. Kinabonyezwa mara moja.

"Simu ilikuwa mkononi, Madam. Nilikuwa nimekaa kwenye turubai la msibani, nimeishika hivi."

Alionyesha jinsi alivyoishika. Bayor alimsogezea viatu vyake na mkanda. Gervase alivaa kiatu cha kushoto, akasimama na cha kulia mkononi, akaomba aandikiwe zile saa mbili kwenye karatasi. Bayor alimuuliza za nini. Akasema anakwenda kwa mume wa Domitila.

"Leo usiende. Wale watu wameapa kukupiga."

"Wameapa kwa sababu hawajui. Damu ya mke wake ilikuwa na saa mbili na nusu za kuokolewa. Mtu amwambie kabla hajasikia sokoni."

Bayor alichana ukurasa, akaandika saa hizo mbili, moja chini ya nyingine, akampa. Kisha akachukua funguo za gari na kumwambia konstebo wa zamu kwamba yeye na Gervase wanaelekea Bakpuori.